Askari Aliyempakata Mwanangu

Mwanangu alikuwa na siku sita, na kipupwe cha Mgeta kilikuwa kikali hata ukungu ukaingia ndani. Asubuhi hiyo askari wa boma alikuja kunichukua nikabebe mizigo ya Wajerumani. Nilijificha uvunguni, mke wangu akiwa kitandani juu yangu.

"Shikamoo, mama," askari alimwambia mama mkwe. "Mkweo yuko wapi?"

"Marahaba. Mshike mtoto, nikamwite."

Akatoka, akakawia nje makusudi. Askari akaegemeza bunduki ukutani, akasimama wima na mtoto mikononi. Mtoto alikuwa akilia, mara akanyamaza. Akanyamaza mno.

"Mama! Miguu imekuwa ya baridi!" askari alimwita mama mkwe kule nje.

Nilichomoka uvunguni. Askari alikwisha fungua koti, amemlaza mtoto kifuani, anamsugua nyayo. Hatimaye mtoto akalia, sote tukapumua.

Akamrudisha kwa mama yake, akanitazama. "Leo sikukuona," alisema. "Arobaini ikiisha nitakuona."

Watu huniuliza kama askari wa boma wana huruma. Wanayo. Siku ya arobaini na moja alirudi, akauliza kwanza hali ya mtoto, kisha akanifunga kamba.