Mkono wa Kumwozea Asmahan

Ukitaka kumjua Hafidh Mkubwa, mwulize mtu yeyote pale Stratford Road, Sparkhill, nchi ya Waingereza. Atakwambia ni Mzanzibari mwenye maneno matamu, fundi hodari katika karakana ya vyuma kule Tyseley, tena mtu asiyekubali kushindwa. Lakini habari za mkono wake wa kulia zamani asingekwambia, kwa sababu wengi walikuwa hawajauona.

Mashine ya kukatia bati iliondoka na vidole viwili, cha pete na cha mwisho, siku aliyokuwa akiwatambia wenzake huku macho hayapo kazini. Tangu hapo akavaa glavu nyeusi ya ngozi, kiangazi na baridi, vidole vyake viwili vitupu vimeshindiliwa pamba. Arusini alisingizia tumbo, maana sinia la biriani halitaki glavu. Mtu mzima, shujaa wa maneno, anaikimbia biriani!

Mwaka 2006 binti yake Asmahan akachumbiwa na Feisal, kijana wa Erdington. Nyumba nzima ilifurahi, ila baba alikosa raha. Siku ya kuoza, baba hushikana mkono na bwana arusi, kulia kwa kulia, watu wote wanatazama. Hafidh akatangaza, kifua mbele, kwamba atampa sheikh uwakala amwozee. Asmahan akamfuata sebuleni.

"Baba, please. I want your hand, not the sheikh's."

"Sheikh anajua Kiarabu kuliko mimi," akajibu, na haya zikamjaa usoni.

Kabla ya arusi alikwenda Australia kumtazama dada yake, Bi Mize, aliyehamia Queensland na mumewe. Bi Mize akampeleka kwenye bonde la miamba, kuona michoro ya Waaborijini, wenyeji wa kale wa nchi ile. Jua lilichoma, na Hafidh na glavu yake.

"Mficha uchi hazai, Hafidh," dada akamwambia njiani. Akaivuta glavu, akaikaza.

Mwongozaji wao, mzee wa ukoo wa pale pale, alipaza sauti kwanza kwa lugha yake, kuwaarifu wahenga kwamba wageni wamefika. Hilo Hafidh alilielewa. Hata kwao mtu haingii bila hodi. Wakasimama kando, mbali kidogo na jabali. Ukutani palijaa mikono. Watu wa kale waliweka viganja juu ya jiwe, wakapuliza udongo mwekundu kwa vinywa vyao, na walipoondoa viganja alama zikabaki. Katikati ya mikono ile mizima, mmoja ulikuwa na vidole vitatu tu.

"Huyu alipatwa na nini?" Hafidh akauliza upesi.

"Wako wanaosema vidole vilikatika, wako wanaosema alivikunja makusudi," mzee akasema. "Ninachokiona mimi ni kwamba aliuweka mkono wake pamoja na ya wenzake."

Hafidh akavua glavu. Akainua kiganja chake hewani, bila kuugusa mwamba, machozi yakimtoka mbele ya watalii. Alimwonea wivu mtu yule, aliyekuwa jasiri kuliko yeye. Bi Mize aliichukua glavu akaitia mkobani, na hakuirudisha.

Ndoa ilifungwa nyumbani Sparkhill, wanaume sebuleni, wanawake wamejazana ghorofani na kwenye ngazi. Sheikh alikwishajiweka sawa mbele ya bwana arusi. Hafidh akamgusa bega.

"Ahsante, sheikh wangu. Huyu nitamwoza mwenyewe."

Akaketi, akanyoosha mkono. Feisal akaupokea kwa woga, kama anayeshika yai.

"Kamata sawasawa, mwanangu," Hafidh akasema. "Vilivyobaki vinatosha."

Kisha akatamka kwa sauti yake ile ya Tyseley, inayoshinda mashine: "Nimekuoza binti yangu Asmahan..." Kule juu Asmahan akaitambua sauti. Akasahau kwamba bibi arusi hukaa kimya, akapiga kigelegele kabla Feisal hajajibu neno, wanawake wote wakampokea, na nyumba ikawa haisikilizani. Ikabidi Hafidh aanze upya. Alirudia maneno yote, neno kwa neno, na muda wote huo mkono hakuuachia.