Mgomba wa Kumi na Mbili

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinihurumie kwa kuwa niliishia darasa la tatu. Mgomba naujua.

Mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulipoingia kijijini kwetu Keza ulinimalizia shamba. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, ukikata, ndani zimeoza. Mwaka ule tulikula mihogo mpaka watoto wakaichukia. Ndipo akaja binti mmoja wa kituo cha utafiti cha serikali, akapanda aina mpya shambani kwangu na kuchomeka vibao vyenye namba. Kesho yake nikaving'oa vyote. Nilidhani ni bikoni, wanapima ardhi wanipokonye. Akarudi, akavichomeka upya, akaniambia, "Bibi, nikikuibia shamba nitalilima na nani?"

Nilicheka, ila kumwamini kulinichukua misimu mitatu.

Kila Jumamosi alihesabu majani, akaandika daftarini. Migomba mingi ilinyauka. Wa kumi na mbili ukasimama, ukazaa.

Kisha serikali ikaunganisha ofisi zake za utafiti. Binti hakuonekana tena, daftari likabaki kwangu. Mvua zilipokatika akaja kijana mwingine na pikipiki, karatasi mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

"Kapangiwa kazi nyingine. Jaribio hili limefungwa, migomba yote ing'olewe. Weka dole gumba hapa."

"Na huu uliopona?"

"Yote, bibi. Ndiyo utaratibu mpya."

"Daftari umelisoma?"

"Siku hizi tunaanza upya, kwenye kompyuta. Ya zamani hayamo."

"Basi kompyuta yako haijui tulivyolala njaa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayetaka kung'oa mgomba mzima bila hata kuuzunguka, ama kazi yake haijui, ama kuna mkubwa anayetaka aonekane ameanza yeye. Ni lipi, mpaka leo sijajua. Dole gumba nililifunika na kitenge. Akawasha pikipiki, akasema atarudi na mtendaji wa kijiji.

Jioni ile ile niliwaita wa nyumbani kwangu wote. Nikawaambia: "Panga lisilopita motoni lisiguse mgomba wa kumi na mbili, lisije likauambukiza mnyauko. Mkamwana, wewe unajua kuandika: kila Jumamosi hesabu majani, uandike palepale alipoachia yule binti. Na mwenye karatasi akija, mpelekeni kwanza shambani auangalie. Asipoingia shambani, hapati dole la mtu humu ndani."