Kidevu cha Kwenda Ukweni

Juzi basi letu la Kahama liliharibikia Kagongwa. Kijana mmoja, ambaye hakutulia kitini tangu Shinyanga, akashuka na wembe, akajitazama kwenye kioo cha dereva na kuanza kunyoa ndevu kavukavu, kutoka shingoni kwenda juu.

"Mwanangu, unachuna mbuzi?" akauliza mama mmoja, naye amelalamika njia nzima kwamba mgeni wake atafika kabla yake. "Lowesha zilainike, kisha fuata zinakolala."

"Shikamoo mama. Sabuni nitaipata wapi hapa njiani?"

"Marahaba. Na maji nayo yameadimika?"

Utingo akashauri mafuta ya taa. Kidevu kilishatoka vipele, kijana anakikuna. Mama akamchapa mkono: "Usikune!" Akachovya ncha ya khanga kwenye maji baridi, akamkanda taratibu, kichwa amekishika kama cha mtoto.

"Unakimbilia wapi hivyo?"

"Nyahanga, kujitambulisha ukweni." Akataja jina la baba wa mchumba wake.

Mkono wa mama ukaganda: lilikuwa jina la mumewe. Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kushikana kidevu. Akajifunika khanga ileile mbichi, akampa mgongo, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Basi lilipotengenezwa, kijana akainamisha kichwa mpaka Kahama.

Wembe hautaki haraka, najua. Anayenyoa kwa utulivu nyumbani kwake hapati vipele. Lakini pia atakufa bila kujua kama mama mkwe wake ana mkono wa upole.