Orodha ya Waliobebwa

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nililala kwenye kitanda cha mtu. Wanafunzi tunaita kubebana: aliyepata kitanda bwenini anamchukua asiyepata, wanalala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Mimi nilibebwa na msichana wa darasani kwetu aliyetoka Masasi. Hakuwa ndugu yangu. Aliniona tu nikisinzia kila kipindi cha asubuhi, akauliza natokea wapi. Nikamwambia Bunju, pembezoni kabisa mwa Dar, kwa mama mdogo.

"Bunju kila siku? Si bora ungesomea Bagamoyo tu," akasema. "Leta shuka lako."

Chumba cha wanne tuliishi saba. Ghorofa nzima choo kilichofanya kazi kilikuwa kimoja, na ndoo za maji tulizipanga foleni kabla ya jua kuchomoza. Uchovu ule ndio ulionitia kiherehere. Mwaka wa pili nikagombea uwakilishi wa bweni, nikapita. Ahadi yangu ilikuwa moja: kila mwanafunzi awe na kitanda chake, mtoto wa mkulima sawa na mtoto wa bosi.

Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mpole sana. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, maneno matupu hayajengi bweni," akasema. "Niletee ushahidi."

Basi nikapita chumba kwa chumba na daftari. Nani anabebwa, nani anambeba. Watu walinitajia bila kusita kwa sababu nilikuwa mwenzao. Jina la kwanza kwenye orodha niliandika langu, na pembeni yake la rafiki yangu wa Masasi, aliyekuwa bado ananibeba. Nilijiona shujaa. Mjinga kabisa mimi.

Wiki iliyofuata orodha yangu ilibandikwa kwenye mlango wa bweni, imegongwa muhuri. Waliobebwa waondoke. Waliobeba wamevunja kanuni, nao wanyang'anywe vitanda. Nilirudi kwa yule mama nikalia mbele yake. Akanisogezea tishu, akaniambia kwa upole uleule kwamba kanuni ni kanuni.

Mimi nilirudi Bunju, maana nilikuwa na pa kurudi. Rafiki yangu hakuwa na ndugu hata mmoja Dar. Akapata chumba Chang'ombe, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na kwa mwezi mzima sikwenda kumwona. Nilimkwepa hata darasani. Nilikuwa naona aibu.

Nilipokwenda ilikuwa Jumamosi mchana. Nilimkuta kitandani anasoma, pamba masikioni. Nikaanza maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima, mashine ya kukatia vyuma ikayameza. Nikapaza sauti. "Nisamehe!" nilipiga kelele, na mashine ikanyamaza papo hapo, mtaa mzima ukasikia.

Alitoa pamba taratibu.

"Asante ya punda ni mateke, hilo nililijua," akasema. "Ila punda mwenye daftari ndo namwona kwako."

Hakucheka. Alinitazama macho, yaliyokuwa mekundu tangu nirudie safari za alfajiri.

"Umelala vizuri lini?"

"Sikumbuki."

Akakusanya vitabu vyake, akajisogeza ukutani.

"Haya, lala. Kichwa kule."

Nililala. Nilikuwa nimezunguka na daftari bweni zima nikidai kila mtu apate kitanda chake, na sasa alikuwa akinipa nusu ya chake kwa mara ya pili.