Mtu wa Dirishani

Rafiki yangu, wewe nakueleza kwa sababu najua hutanicheka.

Binti yangu alienda Uingereza kumtunza bibi mmoja mzee, huko kijijini. Bibi alikuwa mchoraji. Alipokufa, binti akanitumia picha yake moja kwa mkono wa msafiri: nyumba ya mawe, paa limeota majani, mawingu mazito kama ya kwetu kabla ya mvua. "Mama, hapo ndipo nilipokaa," alisema kwenye simu. Baada ya hapo simu ikanyamaza. Ramadhani mbili sasa.

Kwetu hatuweki picha ya kiumbe mahali pa kuswalia. Lakini hii ilikuwa nyumba tu, hata kuku hakuna. Nikaitundika ukuta wa kibla. Kila magharibi, nikitoka kuuza viungo sokoni Nakasero, natandika mswala, naswali, halafu naitazama ile nyumba na kumwombea. Nakaa peke yangu. Mpaka leo mkono unakosea, napika chakula cha wawili.

Juzi wifi yangu alinitembelea. Akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Wifi! Kuna mtu dirishani."

"Mtu gani? Ni pazia hilo."

"Pazia lina mikono? We mama wa swala tano, kumbe kila siku unamsujudia mzungu!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilishusha picha palepale. Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli, Kiingereza. Nilichosoma darasa la jioni kilinitosha. Nikaenda polepole, kidole chini ya kila neno: nyumba yangu, na msichana anayenitunza, yuko dirishani.

Wifi akaacha kucheka. Binti yangu, mdogo kama punje ya mchele. Hakuniambia, alijua singeitundika.

"Basi irudishe, wifi," akasema taratibu. "Ni mtoto wako. Mungu anajua."

"Hata akiwa mtoto wangu. Siwezi kusujudu mbele yake."

Nimeiweka katika chumba alichokuwa akilala binti yangu, inatazama kitanda chake. Sasa naswali mbele ya ukuta mtupu, umebaki msumari. Ni vigumu kuliko zamani, sikudanganyi. Lakini dua ni ileile.

Ukimjua yeyote anayetunza wazee huko ng'ambo, msimulie haya, naye amsimulie mwenzake. Labda yatamfikia. Aambiwe mama yake amemwona dirishani, na hajakasirika.