Namba ya Ugonjwa wa Mwalimu

Miaka mingi nimekaa kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, katika hospitali moja hapa Sumbawanga. Kazi yangu ni kusoma mafaili na kuupa kila ugonjwa namba yake ya kimataifa, ili ijulikane watu wetu wanaugua nini. Malaria, nimonia, kuvunjika mguu: hizo nazijua kwa kichwa, na nilikuwa nimeanza kujiona bingwa.

Asubuhi moja ya baridi akaingia mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mwazye, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Alikuwa amekohoa kwa miezi, uso ukamvimba, hata kuandika ubaoni akawa anahema. Hospitali ya rufaa walimkuta na uvimbe kifuani, wakamwanzishia dawa, na sasa ameleta majibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Lete tuone."

Nikaona neno "kifuani", nikaandika C38 harakaharaka. Akachungulia.

"Hiyo ni ya nini, mama?"

"Saratani ya kifua."

"Samahani, lakini kule waliniambia yangu ni limfoma. Eti imeanzia kifuani, ila si ya kifua. Hapo ndipo na mimi sikuelewa."

Hata mimi sikuelewa. Nikamchukua tukaenda kwa daktari. Alikuwa kijana mpole. Akageuza karatasi akachora mfupa wa kifua, moyo, na katikati yake tezi ndogo.

"Utotoni tezi hii ni kubwa, ukubwani inasinyaa," alisema. "Ndani yake kuna chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Za mwalimu, za aina B, zimezaliana ovyo; hiyo ndiyo limfoma. Kwa hiyo, mama, usiangalie uvimbe uko wapi tu. Angalia ni chembe gani."

"Yaani walinzi wangu wenyewe ndio wameniasi?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo. Ila hawa mara nyingi wanasikia dawa."

Tukarudi, tukafungua kitabu kinene cha namba. Mwalimu alipitisha kidole mstari kwa mstari kama anasahihisha madaftari, mpaka akapiga kelele: "Hii hapa!" C85.2, limfoma ya chembe B inayoanzia kifuani. Nikaikata ile ya kwanza, nikaandika mpya, nikasaini pembeni.

"Kumi kwa kumi, mama," akasema. Tulicheka mpaka watu waliokuwa dirishani wakachungulia.

Baada ya miezi akarudi, nywele zimeanza kuota, fupi kama za mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Alishamaliza dawa, na picha za mwisho hazikuonyesha ugonjwa. Safari hii nilitafuta mwenyewe, taratibu: Z08.2, uchunguzi baada ya tiba ya dawa za saratani.

"Kumbe hata kumaliza dawa kuna namba!"

"Ipo. Na siiandiki mara nyingi."

"Basi iandike kwa mwandiko mzuri."

Nikaiandika vizuri. Saa saba tukaenda kwa mama ntilie wa jirani, mwalimu akaagiza ugali na samaki aina ya mgebuka, akamaliza, akaomba aongezewe.