Mtu wa Kilo Sitini Ndani ya Lifti

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya sekondari karibu na Rangwe, nilipewa somo ambalo sikulisomea. Mimi nilisomea Kemia na Bayolojia, lakini mwalimu wa Fizikia alikuwa amehamishwa. Mkuu wa Idara ya Sayansi akanikabidhi chaki pamoja na daftari lake la majibu, ameliandika kwa mkono na kulifunika kwa gazeti.

"Saa kumi watakuja na maswali waliyoshindwa," akaniambia. "Usiseme hujui. Ukisema mara moja tu, hao watoto wamekumaliza."

Nyinyi walimu vijana mtacheka, lakini mimi niliogopa kweli. Kila kengele ya saa kumi ilipolia, wanafunzi walipanga foleni kwenye mlango wa chumba cha walimu. Droo niliiacha wazi nusu, nikachungulia daftari la mkuu, nikakunja uso kana kwamba napiga hesabu, ndipo nikaandika jibu. Nilikwenda hivyo karibu miaka miwili.

Aliyenikamata ni Atieno, msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akisema wazi kwamba atakuwa mhandisi. Swali lilikuwa hivi: mtu wa kilo sitini amesimama kwenye mizani ndani ya lifti inayoanza kushuka kwa mchapuko wa mbili, yaani kasi yake inaongezeka mita mbili kwa sekunde, kila sekunde. Mizani itasoma nini? Yeye alipata nyutoni mia nne na themanini. Daftari lilisema mia saba na ishirini. Nikamtilia mkasi, alama ya kosa, kwa wino mwekundu.

"Lakini mwalimu," akasema, "boda ikishuka ile kilima ya kwetu haraka, si mwili inakuwa nyepesi? Mbona hapa inakuwa nzito?"

Foleni yote ikasogea kusikiliza. Sikuwa nimewahi kupanda lifti, na Rangwe nzima haikuwa nayo hata moja.

"Lifti si boda," nikamkaripia. "Kama huelewi, basi Fizikia si ya kila mtu."

Ilikuwa wiki ya kujaza fomu za kuchagua masomo. Anayeacha Fizikia hapo hairudii tena, na uhandisi ndio umeishia hapo. Fomu zilikusanywa Alhamisi, ya Atieno ikiwa haina Fizikia, zikakaa kwa naibu wa mwalimu mkuu hadi Ijumaa saa kumi.

Ijumaa asubuhi nilijifungia maabarani. Nikaning'iniza jiwe kwenye mizani ya springi, nikaushusha mkono ghafla. Kipimo kilipungua. Nikarudia mara tano, na kila mara kikapungua. Msichana alikuwa sawa. Mkuu wa idara alijumlisha mahali pa kutoa.

Nilifika hadi mlango wa naibu. Nikamwona mkuu wa idara ndani, anakunywa chai, nikakumbuka kwamba sijathibitishwa kazini na barua yangu itapitia kwake. Nikarudi kuketi. Saa kumi foleni ilikuja kama kawaida, Atieno hakuwemo.

Baadaye nilihamishiwa Ogwedhi, nikajisomea Fizikia upya kuanzia ukurasa wa kwanza, hadi nikawa mkuu wa idara mimi mwenyewe. Wanafunzi wangu wa huko watawaambia: nilikuwa mwepesi wa kusema sijui, twendeni tukapime. Lakini hofu haikuniacha. Mwanamke akiniita "mwalimu" sokoni, nilishtuka kabla sijageuka.

Sasa nimestaafu, naishi Rodi Kopany, na wazazi huniletea watoto wenye kazi ya likizo. Mwezi uliopita alikuja mama anayeuza nguo hapa sokoni, pamoja na binti yake.

"Mwalimu, nisaidie huyu," akasema, akinipa daftari la mtoto. "Mimi Fizikia ilinishinda, unakumbuka."

Nilikumbuka. Ningeweza kunyamaza tena, na nusura ninyamaze.

"Atieno, haikukushinda. Mia nne na themanini ilikuwa sawa."

Akaniuliza, "Mwalimu, ulijua lini?"

"Ijumaa ile. Fomu zikiwa bado kwa naibu."

Akalichukua daftari kutoka mkononi mwangu. Nilidhani anaondoka. Akampa binti yake.

"Muulize," akamwambia. "Lakini akikujibu, muulize ni kwa nini. Na usiondoke mpaka akuonyeshe."

Mtoto akavuta kiti. Nikaishika kalamu, mzee mzima, nikaanza na "kwa nini".